Nira Niliyovuka Nayo Mpaka

Mvua ilikuwa imenyesha mara tatu hapa Uriri na shamba langu halijaguswa. Kwetu mke wa kwanza ndiye anafungua shamba. Mimi ndiye mikayi, mke mkubwa wa boma hili, na mpaka mbegu yangu iingie udongoni, mke mwenzangu hapandi, wake za wanangu hawapandi. Wote walikuwa wananitazama. Mimi natazama zizi tupu. Ng'ombe wetu wawili wa kulima, maksai mweusi na mwekundu, walikuwa wameibwa. Ningeweza kufungua kwa jembe, mistari miwili mitatu, lakini hizo nyumba zingine zingelima na nini?

Binti yangu ameolewa upande wa Tanzania. Ndiye alinipigia simu kwamba maksai kama wangu wamefungwa nyuma ya kituo cha polisi huko, mwizi amewaacha akakimbia. Nikaenda stesheni yetu ya polisi mbio. Mkubwa wa pale, mrefu, viatu vinang'aa hata siku ya matope, hakufurahi. Aliuliza nani ameniambia. Hakuuliza ng'ombe wana alama gani, aliuliza nani ameniambia. Nikasema ni binti yangu. Hakuamini. Alidhani mwenzake wa ng'ambo ndiye ananituma nimchunguze.

Askari wa getini alinieleza kisa. Mwaka uliopita wakubwa hao wawili walikubaliana kumvizia mwizi mmoja wa mifugo pamoja. Wetu akawahi saa nzima kabla ya wakati, akamkamata peke yake, picha yake ikatoka gazetini. Yule wa Tanzania alikuwa bado amelala kwenye majani, anangoja ishara. Tangu hapo huyu akipiga simu, yule hachukui.

Kilichotakiwa ni barua ya kusema maksai ni wangu. Wetu aliiandika, akaigonga muhuri, halafu akaifungia kwenye droo. Alisema akiituma, yule atajifanya kesi yote ni yake. Siku nne barua iko kwenye droo. Siku ya tano binti yangu akapiga tena: mwenyewe asipofika kesho kabla ya saa sita mchana, ng'ombe wanapakiwa kwenda kupigwa mnada.

Asubuhi nilitoa nira ukutani, nikaipakia kwenye pikapu ya mchuuzi wa ndizi, nikapita stesheni. Nikamwambia mkubwa naenda, na barua au bila barua. Akachukua barua na kofia, akanifuata na gari lake. Si kwa huruma. Hakutaka niongee na yule akiwa hayupo.

Mtanzania alikuwa mfupi, mnene, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Lakini hakumsalimu mwenzake wa kwetu. Alipokea barua, akaigeuza mbele na nyuma, akasema muhuri kila mtu anaweza kuchonga. Lori la mnada lilikuwa limesharudi kinyumenyume mpaka mlango wa zizi. Nilimwona mweusi wangu kupitia mbao, mbavu zote nje.

"Huyu uliyekuja naye, mama, ana tabia ya kuwahi," akasema Mtanzania. "Leo siwahiwi."

"Wengine wanawahiwa kwa sababu wamelala," wetu akajibu.

Wakaanza kubishana nani atie sahihi kwanza kwenye hati ya kukabidhiana. Hakuna aliyeshika kalamu. Dereva wa lori akashuka kufungua mlango wa nyuma.

Nikaitupa nira chini katikati yao. "Wakubwa, mkimaliza kutazamana mniangalie na mimi. Marehemu mzee wangu alinunua hawa sokoni Rangwe wakiwa ndama, akawafundisha mwenyewe. Mweusi analima kushoto, mwekundu kulia. Wawekeni kinyume muone."

Mtanzania aliwatoa mwenyewe, akamsimamisha mweusi kulia. Nikawaita kama mzee alivyokuwa akiwaita, kwa mluzi. Mweusi hakutulia. Alimsukuma mwenzake kwa bega, akazunguka nyuma yake, akaja kushoto, akainamisha shingo angoje nira. Dereva akafunga mlango wa lori bila kuambiwa.

Nikadhani yameisha. Wetu akanyoosha mkono apokee kamba ya maksai. Yule akairudisha nyuma.

"Wewe? Kesho tusome gazetini umewaokoa wewe?"

"Basi nipe jina la mwizi."

"Lete faili lako kwanza."

Kamba ilikuwa inaning'inia kati yao, na kila mmoja anachunga mkono wa mwenzake. Nikaichukua. Hakuna aliyenizuia, maana kila mmoja aliona heri niwe nayo mimi kuliko mwenzake. Mtanzania akaandika kwamba amemkabidhi mwenye mali, nikaweka kidole gumba, nikawafunga nira maksai wangu nikatoka nao. Wetu alinifuata polepole na gari mpaka tukavuka, akaniuliza tena dirishani kama kweli ni binti yangu aliyepiga simu. Nikawapigia maksai mluzi. Akaongeza mwendo, akaniacha na vumbi.

Mwanangu mkubwa alikutana nami upande wetu. Tulilala njiani kwa shemeji yangu, ng'ombe wapumzike. Tulipofika nyumbani nilifungua shamba mbele ya boma lote, na jioni mke mwenzangu akaja kuomba zamu yake ya maksai.

Mwizi hajashikwa. Anayojua wetu yako kwenye droo huku, anayojua yule yako kwenye droo kule. Mimi nimeongeza mbwa wa pili.