Paka Niliyemnyima Shemeki

Mume wangu alipokufa, mdogo wake hakungoja hata viti vya kilio virudishwe kule tulikoviazima. Alisimama katikati ya sebule, mbele ya ndugu waliotoka kijijini Miti kwa mazishi, akatangaza kwamba nyumba ni ya familia yao na kila kilichomo ni cha familia yao. Nilimwonyesha mashini yangu ya kushona. Niliinunua mwenyewe kabla sijaolewa, na ndugu wote walilijua hilo. Akanijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

«Ulikuya hapa mikono mutupu, utatoka mikono mutupu.»

Hakuna aliyemkatiza. Mke wake alikuwa ameshapanda kwenye kiti, anateremsha mapazia yangu.

Mimi na marehemu hatukujaliwa watoto. Labda wangekuwapo, yule mdogo wake, shemeki yangu, angeogopa kidogo. Nilitoka na mfuko wa nguo, godoro jembamba na sufuria, nikapata chumba cha kupanga kwenye mteremko uleule wa mtaa wa Kadutu, juu kidogo ya nyumba yangu. Watu waliniuliza kwa nini sikwenda mbali, mitaa ya Panzi au Bagira, ili nisiwe naona. Mimi nilitaka kuona. Nikisimama mlangoni niliziona bati za nyumba yangu kule chini, bati tulizozinunua moja moja mimi na marehemu, na kila asubuhi kabla ya kusali niliziangalia na kumtakia shemeki yangu mabaya. Sikumtakia kifo. Kifo kinamaliza mambo haraka. Nilimtakia maisha marefu yenye kuwasha.

Paka alikuja mvua zilipoanza. Nilifungua mlango asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kizingiti, amelowa, ananiangalia kama mtu aliyechelewa kufunguliwa. Nilimtambua kwa sikio lake lililochanika. Hakuwa wa mtu. Alizoea kukaa nyuma ya jiko letu la zamani, nami nilikuwa nikimtupia visamaki vya sambaza vilivyoungua. Shemeki alipohamia pale alimpiga teke kila alipomkuta njiani, na majirani waliniambia kwamba siku moja mke wake alimmwagia maji ya moto. Mgongoni, kweli, alikuwa na mahali pasipo manyoya. Aliingia chumbani bila kuitwa, akazunguka, akalala juu ya godoro langu.

Mwenye kiwanja nilikopanga, mama mzee aliyeuza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya lango, hakuchukua muda kunifuata.

«Maman, mimi sina shida na weye,» aliniambia. «Lakini paka, hapana. Mujane anakaa peke yake, tena na paka! Batu batasema nini?»

Tulijua wote wawili watasema nini. Kwetu, mtoto wa jirani akishikwa na homa, macho ya watu hutafuta mlango wa kuangalia, na mlango wenye mjane na paka hauko mbali. Sikuwa na nguvu ya kupigana na jambo hilo pia. Nikakata shauri kumtoa. Kulikuwa na mwanamke mfanyabiashara niliyefahamiana naye, aliyekuwa akiteremka Kamanyola kuchukua maharagi na mahindi ya uwandani. Alikubali kumpeleka paka kwa dada yake huko, mwenye ghala.

Asubuhi ya safari nilimtia paka ndani ya gunia, nikafunga mdomo wa gunia kwa utambaa. Hakupiga kelele. Yule mfanyabiashara alifika, nikampa chai, naye akawa anakunywa huku akinipa habari za biashara.

«Shemeki yako hanunue tena kwangu,» alisema. «Yuko analia. Ile nyumba yenu amefanya depo, amejaza maharagi mpaka mu chumba ya kulala, na panya ziko zinakula yote. Zinatoboa magunia usiku, asubuhi anakuta unga tu.»

«Tangu lini?»

«Tangu mwanzo ya mvua.»

Niliweka kikombe chini. Nilikumbuka jinsi paka yule alivyokuwa akiniachia panya mbele ya mlango wa jiko, wengine wakubwa kama kiatu, na mimi nikiwafagia bila kufikiri. Hakuna mtu aliyekuwa akihesabu kazi yake, sawa na yangu. Nilipiga magoti, nikafungua gunia.

«Unafanya nini?» mfanyabiashara aliuliza.

«Hataenda.»

Niliona furaha inanipanda kifuani, furaha mbaya, ya moto, ambayo sikuwa nimeipata tangu mazishi. Nikamfuata mama mwenye kiwanja penye makala yake nikamweleza yote bila kuficha: paka akibaki kwangu, yule mwanaume anapata hasara akijua dawa yake iko hapa juu; akiondoka, sina tena kitu cha kumnyima. Alinisikiliza huku akipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga. Yeye pia alikuwa mjane. Hakuniuliza swali hata moja.

«Basi abaki mpaka Pasaka,» alisema.

Kuanzia hapo nilimlisha paka yule kama mtu anayechochea moto. Nilinunua sambaza zake kabla sijanunua unga wangu. Kazi nilikuwa nikiifanya kwa sindano ya mkono, kupinda vikwembe vya watu na kurudishia vifungo, macho yakiniuma, na yeye amelala pembeni. Kila aliyetoka kule chini nilimuuliza habari za depo. Nikaambiwa shemeki ameweka sumu, panya wakafia chini ya mbao, na harufu ikawafukuza wateja. Nikaambiwa amenunua paka mdogo sokoni, na panya wamemtisha mpaka amekimbia. Habari hizo nilikuwa nikizirudia peke yangu nikiosha vyombo.

Pasaka ilipita. Mama mwenye kiwanja hakusema kitu, nami sikumkumbusha.

Halafu, Jumapili moja baada ya misa, shemeki mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Alikalia kigoda changu bila kukaribishwa, akamwona paka juu ya kitanda cha mbao nilichokuwa nimekwisha kujipatia, akatazama pembeni.

«Shemeki, nimekuya kwa mambo ya ile paka.»

«Paka gani?»

«Ile ya nyumba.»

«Nyumba ya nani?»

«Ya kaka yangu. Ile paka ni kitu ya nyumba ya kaka yangu. Inafaa irudi.»

«Ulisema mbele ya batu bote kwamba nitatoka mikono mutupu,» nilimwambia. «Sasa nilitoka na paka namna gani? Huyu alipanda na miguu yake.»

Kisha sauti yake ikabadilika, akaanza kuniomba. Alinieleza yote niliyokuwa nayajua tayari, nami nilimwacha aeleze mpaka mwisho, kwa sababu kuyasikia kutoka kinywani mwake kulikuwa kutamu kuliko kuyasikia kwa majirani. Akasema paka yule anajua matundu yote ya nyumba ile. Akasema nitaje ninachotaka.

«Mashini yangu.»

«Sawa. Kesho nitatuma mupagazi.»

«Hapana. Utaileta weye mwenyewe, ku kichwa, muchana, batu bakiona.»

Nilifikiri atasimama anitukane. Lakini maharagi yalikuwa yakiliwa hata tukiwa tumekaa pale, na yeye alijua.

Aliileta kesho yake. Ilikuwa imenyesha, njia ya udongo mwekundu inateleza, na mashini ile ni ya chuma, nzito hata kwa vijana wa kubeba mizigo. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akipanda, mkono mmoja umeshika mashini, mwingine unatafuta kuta za watu, gunia tupu limening'inia begani. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliacha ndoo zao. Walikuwa walewale walioniona nikipita na godoro.

«Papa patron,» mmoja alimwita, «leo unashonea nani?»

Kicheko kilimsindikiza mpaka kwangu. Alitua mashini chini, jasho linamtiririka. Niliikagua. Mkanda ulikuwa umekatika, lakini gurudumu lilizunguka. Nikasogea kando ya mlango.

«Paka ni ule pale. Chukua.»

Paka alikuwa juu ya kitanda. Alipomwona, masikio yalilala. Shemeki alinyoosha mikono yote miwili, na kabla hajamgusa paka alikuwa ameshapanda juu ya mkono wake, juu ya bega, akarukia mwamba wa paa, akapenya penye mwanya wa bati na kutoka. Mkono wa shemeki ulibaki na mistari ya damu toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Alitoka nje akaanza kumwita, mtu mzima wa suruali ya kupigwa pasi, akibana midomo na kupiga miluzi kuelekea paani. Paka alikaa juu kabisa akijilamba.

«Umenidanganya,» aliniambia aliporudi.

«Nilisema uchukue. Sikusema nitakukamatia.»

Aliinama kuishika mashini. Hapo ndipo mama mwenye kiwanja alipojaza mlango, mikono yake myeusi kwa makala.

«Acha.»

«Maman, hii mambo haikuangalie.»

«Iko mu kiwanja yangu, inaniangalia. Paka uliambiwa uchukue, umeshindwa. Mashini ni ya huyu mwanamuke toka zamani, na weye unajua. Teremuka.»

Akateremka na gunia lake tupu, kupita bombani tena. Sikusali jioni ile. Nilinunua mkanda, nikaweka mafuta, nikashona.

Baada ya miezi kadhaa aliuza maharagi yaliyobaki kwa bei ya kutupa na kufunga depo. Paka, kwa upande wake, alizaa ndani ya sanduku langu la vitambaa, na wanawake waliokuwa wakinong'ona nyuma yangu kwamba nina uchawi wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba watoto wake, kwa sababu panya hawakuwa kwa shemeki tu. Niliwapa. Mmoja alikwenda Kamanyola na yule mfanyabiashara, kwa dada yake.

Alipobaki mtoto mmoja wa paka, alikuja mke wa shemeki. Alikuwa ameshika sukari ndani ya kikwembe, na macho yake yalikuwa mekundu. Maharagi yalikwisha, alisema, lakini panya hawakuondoka; sasa wanaingia kitandani, na wamemuuma mtoto wake mchanga kisigino.

«Minakuomba, maman. Si kwa sababu yangu. Ni mutoto.»

Nisiseme uongo: moyo wangu uliyumba. Mtoto yule hakuwa ameniteremshia pazia hata moja. Nikatafuta ndani yangu kitu ninachoweza kutoa.

«Leta mutoto alale huku kwangu mpaka muzibe yale matundu,» nilimwambia. «Nitamuchunga. Paka haitashuka kule.»

Uso wake ulibadilika.

«Mutoto yangu alale kwa mulozi?»

Neno hilo, mchawi, lilimtoka kabla hajalizuia, na nikajua lilizoea kusemwa mezani kwake. Nikajua pia nani aliyekuwa akilipandisha mteremko wetu miezi yote ile. Aliziba mdomo kwa mkono. Nilimrudishia sukari yake, nikamfungulia mlango.

Nilisikia baadaye kwamba alimpeleka mtoto kwa mama yake, na kwamba kisigino kilipona. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Paka wa mwisho nilimpa mama mwenye kiwanja, ambaye sasa anakaa naye mapajani akiuza makala, na mtu akithubutu kusema kitu anamwambia akanunue makala kwingine.

Kesi ya nyumba iko mahakamani. Nilipata ujasiri wa kuifungua kwa sababu ya ile mashini: nilikuwa nimeona kwamba kitu alichoninyang'anya anaweza kukirudisha. Hakimu ameahirisha tena juzi. Shemeki alikaa benchi ya mbele, hakugeuka. Padri ananiambia nisamehe, na mimi ninamwambia nitasamehe siku nitakayopewa ufunguo, si mapema zaidi. Siku hiyo ya mahakamani nilirudi nyumbani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, nikampa paka sambaza zake, kisha nikasonga bukari, ugali wangu wa jioni.