Jina Lisilotajwa Mizanini

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kakao ya Kyela, bosi wangu wa kituo cha Bondeni alileta kompyuta mizanini, tunapopimia magunia. Mimi nilikuwa karani wake, nina kidato cha nne na mtoto mchanga niliyemwacha kwa mama. Kabla ya kompyuta nilikuwa nakimbia mchana kumnyonyesha. Ilipokuja, foleni haiishi, na blauzi inalowa maziwa mbele za watu. Nilikasirika, na mimi hasira sifichi.

Kilichokwamisha foleni ni kimoja. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake; hata njiani anamkwepa. Na wanaoleta kakao ya wazee ndio hao hao wakamwana. Zamani niliandika alama ya kitambaa kilichofunga gunia, mzigo ukapita, jina akalitaja mume akija kuchukua pesa. Kompyuta ilikataa. Bila jina la mwenye mzigo, haisogei.

Fundi aliyetengeneza programu alitoka Dar. Alipoitwa tena nilimwambia ametuharibia kazi. Akajibu taratibu kwamba alituuliza wote tunaandika nini, tukamwambia jina, kijiji na kilo. Kweli tulisema hivyo. Nani angewaza kumweleza mtu mzima habari za wakwe?

“Basi kaa hapa,” nikamwambia. “Usiulize. Tazama.”

Akakaa. Akaingia binti kutoka Ndandalo na gunia la baba mkwe wake. Fundi akashindwa kunyamaza, akamuuliza mzee anaitwa nani. Binti akajifunika uso kwa kitenge, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja akamuuliza fundi kama kwao baba mkwe huitwa jina lake kama mtoto anayetumwa dukani.

“Dada, kumbe ndiyo hii?” fundi akaniuliza.

“Ndiyo hiyo.”

“Na nini kingine mnakijua wote, hamjaniambia?”

Swali hilo ndilo alilopaswa kuanza nalo. Nilimjibu mpaka koo likakauka, naye akaandika.

Kesho yake programu ilikuwa na nafasi ya alama, na jina liliweza kusubiri. Akataka tuijaribu kwa gunia la baba mkwe wangu mwenyewe. Vidole tayari, akanigeukia: “Jina?”

Nikamkazia macho tu. Akacheka, akatazama gunia, akaandika: kitambaa chekundu.

“Ndaga,” nikamwambia, maana shukrani ya kweli naitoa kwa Kinyakyusa.

Jua la mchana lilinikuta kwa mama. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia, na blauzi yangu ilikuwa kavu.