Sauti ya Shangazi

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la matairi, mlango wake wa bati hauna kibao, na wapita njia walidhani ni ghala. Ndani walifanya kazi watu watatu tu: Mhandisi, ambaye ndiye mwenye karakana, fundi wa vyuma, aliyeongea na mashine zake kuliko alivyoongea na binadamu, na mwanamke waliyempachika jina la Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hapakuwa na waya mdogo kiasi cha kumshinda.

Kabla ya hapo Sindano alitengeneza redio za watu. Mhandisi alipomchukua alimwambia wazi kwamba jeshi limefungua mlango kwa karakana ndogo ndogo kubuni vifaa vipya, na wao watabuni chombo cha kutambua mabomu yaliyotegwa ardhini. Askari atakishika mkononi kama fimbo, na sikioni atakuwa na spika ndogo ya kumwonya. Ila ya ndani yabaki ndani. Wote watatu wakala kiapo mbele ya kapteni mmoja mwenye miwani.

Kiapo hicho kilimkuta Sindano ana mume.

"Leo mmeshindaje huko?" mume alimuuliza mezani.

"Na redio zetu tu."

"Redio gani hizo, mtu mpaka aache simu mlangoni?"

"Redio za wakubwa," alijibu, wakacheka wote wawili.

Baadaye mume akaacha kucheka, kisha akaacha kuuliza, mwisho akaacha kuwahi kurudi. Hapakuwa na ugomvi wa kuvunja vyombo. Asubuhi moja alifunga begi lake, akasimama kizingitini, akasema, "Mimi nilioa mke, siku hizi naishi na mpangaji." Akaenda zake. Sindano alikuwa na la kumjibu, lakini halikuwa lake kulitoa.

Mdogo wake, aliyeishi mtaa wa pili, naye alichoka. "Dada, wewe umekuwa kisima kilichofunikwa," alimwambia. "Mtu anashusha ndoo, inagonga mbao." Akapunguza kuja.

Kazi ikaendelea. Walifukia vifuniko vya sufuria uani, askari wakaletwa kukijaribu chombo. Kilikuwa kikitoa milio: mmoja wa hatari, mwingine wa betri kuisha. Jenereta likawashwa makusudi ili pawe na kelele, na askari wa kwanza akachanganya milio, akakanyaga kifuniko kwa buti zima.

"Hapo tungekuwa tunakuokota kwa koleo," kapteni alimwambia. Wakacheka wote isipokuwa Mhandisi.

Kesho yake Mhandisi alikuja macho mekundu. "Kiseme," alisema. "Mtu mwenye hofu hatafsiri mlio. Kimwambie kwa maneno."

Alianza na sauti yake mwenyewe. Fundi wa vyuma akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bosi, mbona kama mtu anayeumwa jino?" Yeye mwenyewe alipoombwa, akakimbilia mashine yake. Basi wakatandika magodoro kwenye kuta za stoo, wakamwingiza Sindano na kinasa sauti. Maneno yalikuwa machache: Simama. Rudi nyuma. Kulia. Kushoto. Salama, endelea.

"Usiamrishe," Mhandisi alimwambia kupitia mlango. "Hao wameshaamrishwa vya kutosha. Sema kama unaongea na mtu unayetaka arudi nyumbani mzima."

Sindano nyumbani hakuwa na wa kurudi. Pengine ndiyo sababu maneno yalitoka vile yalivyotoka, maana alipotoka stoo fundi wa vyuma alikuwa anajifuta macho na kusingizia moshi.

Jeshi lilikipenda chombo. Na lilipokipenda, kikapelekwa kwenye kiwanda kikubwa, kwani mdogo hupanda na mkubwa ndiye mwenye ghala. Lori likaja likabeba meza, vinasa sauti, hata magodoro. Mhandisi akapewa nafasi huko kiwandani, fundi wa vyuma akarudi kwao. Sindano alipewa mkono na kapteni, pamoja na neno moja: "Kiapo hakistaafu, mama."

Akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Miaka ikapita. Nyumbani aliiacha redio ikisema peke yake sebuleni, angalau pawe na mtu. Kuna siku alijikuta anafunga kibanda jioni na kukumbuka kuwa tangu asubuhi hakusema lolote zaidi ya "kioo kimekufa" na "njoo kesho."

Asubuhi moja, akiwa ameifungua simu ya mteja, skrubu ilimponyoka, ikabiringika hadi mlangoni. Kivuli cha mtu kikaingia. Bila kuinua macho akasema, "Simama. Rudi nyuma."

Yule mtu aliganda pale pale, mguu hewani. Kisha akaurudisha polepole mpaka ukatua ulipotoka. Sindano aliokota skrubu yake, akacheka. "Samahani baba, ungeikanyaga hii, ningeitafuta mpaka kesho."

Mwanamume hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Sema tena," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Hayo hayo."

Mwanamume akajikalisha kwenye benchi la wateja, simu yake iliyopasuka mapajani, akaanza kueleza bila kuombwa. Alikuwa askari wa kutegua mabomu. Chombo walichopewa kilikuwa na mwanamke ndani, wakamwita Shangazi. Asubuhi walimuuliza Shangazi kaamkaje, jioni wakamuaga. Mmoja wao alikuwa akimposa kila Ijumaa.

"Shangazi alinirudisha nyumbani," alisema. "Mke wangu anamjua. Watoto wangu wanamjua." Akaitazama simu yake. "Ila siku moja alimwambia rafiki yangu, 'Salama, endelea.' Mimi nilikuwa nyuma yake, naye akaendelea."

Akaifunika simu kwa kiganja.

Sindano alikikumbuka kiapo. Angeweza kusema, umenifananisha, duniani wawili wawili, na mambo yangeisha hapo.

"Ni mimi," alisema.

Askari alimtazama toka juu hadi chini. "Nilidhani utakuwa mnene," alisema.

"Pole, baba. Pole sana."

"Si kosa lako. Mashine ndiyo iliyokosea, hata wazazi wa marehemu nimewaambia hivyo." Akasimama, akaiweka simu mezani. "Lakini sikio halijui hivyo."

Simu alikuja kuichukua mkewe. Mwenyewe hakuonekana tena.

Usiku wa siku aliyokuja askari, Sindano hakulala. Kulipokucha alimpigia Mhandisi, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu lori lile liondoke. Akamweleza. Upande wa pili Mhandisi akakohoa.

"Tulijua," alisema. "Ardhi ya kule ina mawe yenye chuma, chombo kikababaika. Kilishafanyiwa marekebisho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kiapo."

Sindano alikata simu. Miaka yote hiyo alijihesabu yuko ndani ya siri pamoja na wenzake, kumbe naye alikuwa nje, amesimama na mume wake na mdogo wake. Tangu siku hiyo mtu akimsalimu, "Habari za asubuhi?" hujibu "Nzuri" na kuishia hapo. Lile neno jingine, ambalo kila mtu hulitoa bila kufikiri, halimtoki tena.

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta anaanua nguo. Akamwambia yote, kuanzia mlango wa bati hadi askari, na mdogo wake akasahau kibanio cha nguo mdomoni.

"Na shemeji hakujua?" aliuliza alipokitoa.

"Hakujua."

"Kwa hiyo aliondoka bure."

"Hakuondoka bure. Alichoka kugonga."

"Nimpigie nimweleze?"

"Ana mke mwingine sasa, ana watoto. Mwache."

Mdogo wake alichomoa shuka kubwa kwenye kamba, akamtupia dada yake ncha mbili. Wakalinyoosha, wakakutanisha ncha, wakaachana tena, mpaka shuka likawa dogo la kukaa mkononi. Kisha wakachukua jingine.