Miyaa Myekundu

Siku hizi hata harufu ya miyaa ya kusukia mikeka inayochemshwa pamoja na rangi hunichosha. Mvuke ukipanda tu kutoka sufuriani, namwona mama barazani, ukili wa mkeka mapajani, anamtuma kaka yangu ndani.

"Niletee miyaa myekundu."

Kaka alileta ya kijani. Mama akamrudisha. Akaleta ya kijani tena, akaapa wallahi ndiyo hiyo myekundu. Mama akaona anafanyiwa jeuri, akamchapa kwa fungu lile lile lililolowa, mpaka rangi ikamshika mgongoni.

Bibi, mamake mama, akatoka jikoni. "Mwache mtoto! Hukumbuki baba yako? Embe mbichi na mbivu alizijua kwa kubonyeza."

"Baba ni baba. Mbona mimi naziona rangi zote?"

"Wewe unaziona, lakini kasoro hiyo ya macho umeibeba kutoka kwa baba yako ukampa mwanao. Binti huibeba tu, yeye mwenyewe haimgusi."

Mama aliinuka. Alikwenda kuchukua mafuta ya nazi, akampaka kaka mgongoni taratibu, kwa muda mrefu kuliko mapigo yalivyohitaji. Mimi, binti yake, nilikaa pembeni nikichambua miyaa, kila rangi na fungu lake, bila kukosea hata mmoja.

Leo mchana nimemtuma mwanangu miyaa myekundu. Amerudi mbio, anatabasamu, ameshika ya kijani.

Nimeipokea. "Ahsante, baba," nimemwambia, nikaanza kusuka.