Remoti Iliyokuwa Mkobani

Kivuva, dereva mtaani Spring Valley, alipoteza remoti ya gari la tajiri wake sokoni Kangemi, Jumapili moja ya Aprili akinunua sukuma wiki. Pete ya funguo iliachia, remoti ikaenda zake, akabaki na ufunguo mtupu. Mtu mwingine angekwenda kusema. Kivuva si mtu wa kusema. Dereva aliyemtangulia alimwaga unga kwa kupoteza kufuli ya geti tu, na Bi Wanjugu, mjane mwenye gari, si mama wa kurudia onyo.

Kesho yake, Bi Wanjugu akiwa mkutanoni mjini, Kivuva akakata kona hadi kwa Kibe, fundi wa remoti karibu na Kirinyaga Road. Kibe akamuuzia remoti mpya, akaingia garini, akafunga milango yote, akawasha na kuzima swichi mara kadhaa mpaka kufuli zikalia zenyewe.

"Sasa gari imekubali kufunzwa kutambua remoti. Leta remoti zote, mzee."

"Ni hiyo mpya tu," Kivuva akasema. Ya pili ilikuwa ndani ya mkoba wa Bi Wanjugu. Angeiombaje bila kujieleza?

Kibe akabonyeza, kufuli zikajibu. "Imeshika. Na usijali mwenye aliokota ile yako. Hii gari ikifunzwa upya, inasahau zote za zamani."

Basi hata ile ya mkobani ilikuwa imekufa. Alikuja kuficha kosa moja, sasa anarudi na mawili.

Tangu siku hiyo akawa mtumwa wa gari lile. Bi Wanjugu akitokea mlangoni, popote pale, Kivuva keshamfungulia. Hata Jumapili, siku yake ya kupumzika, alikuja eti kuliosha. Wenzake wakamtania kwamba ameoa gari. Alicheka nao, lakini alikuwa amechoka, na kila mkoba ule ulipofunguliwa alikimbilia mlango.

Agosti, wakwe wakapanga kuleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwake Mwingi, kwa ajili ya binti yake Kalekye. Kwa Wakamba, bila mbuzi hao hakuna ndoa, na wa kuwapokea ni baba. Kivuva alihitaji ruhusa ya siku mbili tu. Lakini siku hizo Bi Wanjugu angeendesha mwenyewe, na angebonyeza remoti yake. Kila asubuhi alifungua kinywa aombe, akaishia kusema gari lina mafuta ya kutosha. Siku ya ntheo ikamkuta Dagoretti Corner, nje ya kanisa, akimngoja Bi Wanjugu atoke kwenye harusi ya watu ambao Kivuva hakuwajua. Mbuzi walipokewa na kaka yake, Masila. Jioni Kalekye akapiga simu, akalia tu, akakata.

Jumatatu Bi Wanjugu akatoa remoti mkobani, akamkabidhi.

"Ukipita town, mwambie fundi azifunze zote mbili pamoja. Hii yangu ilikufa tangu Aprili."

Kivuva akaiangalia mkononi. "Ulijua, Madam?"

"Niliibonyeza jioni ile ya mkutano, haikujibu, na yako nikaona ni mpya. Nilikuwa nikuulize. Halafu nikaona umeanza kuja hata Jumapili, na ruhusa huombi tena. Nikanyamaza."

Akaingia kiti cha nyuma, akaweka mkoba mapajani, akangoja kufungiwa mlango. Kivuva akaufunga.