Sabuni Kwenye Vibuyu vya Tembo

Siku ya posa ya kaka yangu naikumbuka na watu wake wote. Shambani kwetu Kisauni tulikuwa wanne: baba yangu Kazungu, aliyekuwa mgema wa tembo la mnazi; Hawe Dama, yaani bibi yetu, mama yake baba; kaka Karisa, aliyekuwa aende Mwakirunge kumposa Mbeyu; na mimi Kadzo, msichana wa miaka kumi na mitatu, mjuaji kupita kiasi.

Mwanangu, minazi ile ilikuwa ya ukoo. Baba hakuruhusu moto chini yake. Ng'ombe alifungwa leo mnazi huu, kesho ule, samadi ikabaki pale pale, na miche aliipanda kwa kufuata mwezi. Tembo lake lilitoa povu hadi likamwagika. Na kwetu hakuna posa bila tembo: msichana hulionja mbele ya wazee, ndiyo kukubali kwake.

Sasa mimi, kwa kuwa misheni walitufundisha usafi, jioni ya kuamkia safari nilivichukua vibuyu vya kugemea nikavisugua kwa maji ya moto na sabuni. Na sabuni yenyewe, miaka ile ya vita, adimu! Baba akavitundika bila kujua. Asubuhi akashuka na tembo limelala, tamu kama dafu, povu hakuna.

"Nani amevigusa hivi?" Hawe akauliza.

"Mimi, Hawe. Vilikuwa vinanuka."

"Vilinuka shamba. Sasa vinanuka dobi!"

Karisa akashika kichwa. "Kwa hiyo nikapose kwa maji ya kufulia?"

Hawe hakunipiga. Alinipa kifuu kitupu. "Nenda Utange kwa mgema Nzingo, uombe mashapo ya tembo lake. Hayo ndiyo yanayoliamsha, nawe ya kwetu umeyasugua yote. Na useme mwenyewe ulichofanya."

Njiani nikatunga uongo, kwamba vibuyu vimepasuka. Nzingo aliponiona akacheka: "Binti wa Kazungu aje kuomba povu kwangu? Kulikoni?" Uongo niliotunga nikauacha. Nikasema kweli, mbele ya wanywaji wake. Walinicheka mpaka wakakohoa. Nami sikuondoka mpaka kifuu kikajaa.

Baba akavisuuza vibuyu mara tatu, akatia mashapo, akapanda tena. Alasiri tembo lilikuwa likichemka lenyewe. Karisa akaondoka nalo. Mbeyu akalionja, akawa wifi yangu.

Basi mwanangu, ukikuta kazi ya wazazi wako inakwenda, usiirekebishe kabla hujamuuliza anayeifanya. Na ukiharibu, usitume mtu. Nenda mwenyewe, sema, vumilia kuchekwa, usirudi mikono mitupu. Mungu akupe moyo wa kukiri na watu wa kukusaidia.

Nanyi mnaokumbuka, kama Nzingo alikaa Mtopanga wala si Utange, nisahihisheni. Majina nina hakika nayo. Mahali ndipo naweza kukosea.