Kamba ya Mhandisi Żelisko

Kwa miaka thelathini na minne Leokadia Sawoń alihudumu kwenye malango ya maji ya mfereji wa Augustów nchini Poland, akiyaendesha kwa wenzo wa chuma wa kuzungusha kwa mkono, kama mama yake kabla yake. Boti iliingia kati ya kuta mbili za mawe, lango likafungwa nyuma yake, maji yakapunguzwa, nayo ikashuka taratibu hadi usawa wa mfereji wa chini. Kila mgeni aliambiwa neno lile lile: "Kamba ishikeni mkononi. Msiifunge!"

Julai moja barua ilitoka ofisi ya mfereji. Kwa kuwa amevuka miaka sitini, ama ashushe boti kwa dakika ishirini mbele ya mhandisi, ama wenzo wake upishe mota, naye akapumzike nyumbani.

Mhandisi Żelisko alifika kwa boti ya ofisi, saa mkononi. Nyuma yake iliingia mitumbwi mitatu ya watalii.

"Haya, Bibi Leokadia, muda unakimbia."

"Uache ukimbie. Sikuushika mkia."

Leokadia alifungua nusu tu vilango vya chini, vile vidogo vya kutolea maji langoni, akatulia kuyasikiliza maji.

"Mbona umesimama?"

"Maji yakitoka kwa pupa, mitumbwi ile itapigwa ukutani."

"Sema tu nguvu zimekwisha, mama."

"Kama zimekwisha, njoo uniazime zako."

Watu waliokuwa wakitazama kutoka daraja la mfereji wakaangua kicheko. Mhandisi, uso umemwiva, akamwamuru nahodha wa boti yake aifunge kamba kwenye pete ya ukutani, kisha akaruka nchi kavu, akaunyakua wenzo na kuvifungua vilango hadi mwisho.

"Hiyo kamba!" Leokadia alipaza sauti.

Maji yalishuka, boti haikushuka. Kamba ilikaza kama uzi wa zeze, ubavu mmoja ukabaki umening'inia, na makabrasha ya ofisi yakaporomokea majini. Nahodha alikumbatia usukani akimwita Mama wa Mungu.

Leokadia alimsukuma mhandisi kando, akauzungusha wenzo mpaka vilango vikafungika, akakimbilia lango la juu na kuyaingiza maji kidogo kidogo. Boti ikainuka, kamba ikalegea, nahodha akaifungua. Ndipo Leokadia alipoanza upya: nusu kwanza, akisikiliza.

"Dakika ngapi?" aliuliza boti ilipotoka.

"Arobaini na moja," mhandisi alijibu kwa sauti ndogo.

"Andika."

Akaandika. Leokadia alichukua kalamu ili atie sahihi, lakini kwanza akaongeza mstari: *Thelathini kati ya hizo ni za mhandisi, aliyefunga kamba.*

"Huwezi kuandika hivyo kwenye karatasi ya ofisi!"

"Basi ichane. Utaandika nyingine mbele ya hawa walioko darajani."

Hakuichana. Leokadia aliutundika wenzo kwenye msumari wake mlangoni.

"Kesho nafungua saa moja asubuhi, Bwana Mhandisi. Ukija, kamba mkononi."

Karatasi ilifika ofisini na mistari yake yote. Mota haijaletwa hadi leo.